Walimu wa hesabu katika vyuo vya ufundi huku magharibi: tushikaneje mikono bila kuishia hotelini?

Tepu_Butere aliandika:

Hamjambo walimu. Mimi nafundisha ufundi wa mabomba katika chuo kimoja kidogo upande wa Butere, kaunti ya Kakamega, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuibeba, hesabu pia ni yangu. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nina swali, lakini mnivumilie nianze na kisa.

Muhula uliopita niliwapa wanagenzi kazi nyepesi. Kila mmoja akate vipande vinne vya bomba la chuma la nusu inchi, kila kipande sentimita 40, kisha akate nyuzi kwenye ncha zote mbili. Tepu zetu ni kuukuu, na nyingi kile kidomo cha chuma cha mwanzoni kimelegea au kimeng'oka kabisa. Kila fundi anaijua dawa yake: unaanzia kwenye alama ya 10, halafu mwishoni unatoa kumi. Niliwaonyesha ubaoni, nikawaonyesha tena mezani. Kuna kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wote, ndiye hufika karakana wa kwanza na kufagia bila kuambiwa. Akaanzia kumi kama nilivyosema, akafika arobaini, akakata. Vipande vyote vinne vikatoka sentimita 30.

Bomba likiharibika linauma, maana bomba ni pesa. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alificha vipande vitatu chini ya rundo la vyuma chakavu, akaniletea kimoja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama msumeno hula bomba kiasi hicho.

Nikamvuta kando. Nikamuuliza, kutoka kumi hadi arobaini ni ngapi? Akasema arobaini. Nikauliza tena polepole. Akasema, "Si wewe umesema arobaini, mwalimu?" Huyu ana cheti cha kidato cha nne. Hesabu alipata E, gredi ya jumla D ya kutoa. Kakaa shuleni miaka 12.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Jumamosi kijana huyo huyo ni mtu wa mkono kwenye mijengo. Nimemkuta mwenyewe karibu na Shianda akipiga msingi wa nyumba kwa kamba na vigingi: mita tatu huku, nne kule, anavuta ya tatu hadi isome tano, pembe imekaa mraba. Alizungusha nyumba nzima hivyo na sikuona akikosea. Jumatatu ukimwandikia pembetatu ile ile ubaoni, anafunga daftari na kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Sisemi wasiletwe. Vyuo vyetu vipo kwa ajili yao. Stashahada wanataka C ya kutoa, cheti wanataka D, na ukishuka chini ya hapo kuna nafasi hata ya mwenye E. Kwenye vyuo vya kaunti tunapokea hata aliyeishia darasa la nane. Poli za kijijini zilipoanzishwa na makanisa mwishoni mwa miaka ya 1960 ziliwalenga hao hao walioachwa nje ya lango la sekondari. Shida yangu ni kwamba kila mwalimu anajishonea dawa yake peke yake, gizani. Mimi nina daftari la mazoezi niliyoyatunga kwa miaka. Kuna mwalimu mwenzangu upande wa Mumias ana lake. Tulijuana matangani, tukiwa tumekaa kwenye mahema tunasubiri chakula, ndipo nikasikia kwamba yeye hufundisha sehemu kwa kukata vipande vya mbao vya inchi moja na kuvigawa mara mbili, tena mara mbili, hadi wafike kwenye moja ya kumi na sita, kisha wavilinganishe na alama ndogo za tepu. Mimi nilikuwa nachora duara ubaoni na kuliita chapati. Njia yake inaishinda yangu kwa mbali, na tumeishi mwendo wa saa moja kwa matatu bila kujua.

Jaribio la kuunda mtandao limewahi kufanyika. Miaka kadhaa nyuma tuliitwa kwenye hoteli moja kando ya ziwa kwa siku mbili. Tukachagua mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, na waratibu wa kanda. Tukaunda kamati ya kuandika katiba. Tukapewa fulana na mkoba. Kipindi kirefu kuliko vyote kilikuwa cha nauli, kwamba anayetoka Busia apewe ngapi na anayetoka Kondele apewe ngapi. Nami nilikuwemo, tena nikapiga kelele, sijitoi. Kundi la WhatsApp la siku zile bado lipo: michango ya mazishi, picha za maua za "asubuhi njema", na kila mwezi mtu anauza shamba. Neno hesabu halijawahi kuandikwa humo.

Basi swali langu. Kuna yeyote aliyefaulu kuwaweka pamoja walimu wa vyuo tofauti, kazi ikafanyika, na kundi lisife? Mlikuwa mnapeana nini hasa? Na hili la waajiri mlilipitaje: sisi wa kaunti tuko chini ya bodi ya utumishi ya kaunti, wenzetu wa vyuo vya serikali kuu wako chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, na barua ya mkuu wangu haifungui lango la chuo chao?

---

Cherehani_Ahero alijibu:

Mwalimu pole na kazi. Mimi ni mama wa ushonaji, chuo cha kaunti, ng'ambo ya Ahero ukielekea Nyakach. Kabla sijajibu swali lako, naomba nikuguse kidogo, usikasirike.

Kisa chako nimekisoma mara mbili nikiwa na tepu ya nguo mkononi. Wewe uliwaambia wanaanzia kumi, halafu mwishoni "unatoa kumi". Hiyo ni kweli ukiwa unapima kitu ambacho tayari kipo: ukuta, meza, kiuno cha mteja. Unasoma 50, unatoa kumi, jibu ni 40. Lakini wewe hukuwaambia wapime, uliwaambia wakate. Anayekata hatoi, anaongeza. Ilibidi afike 50. Kijana wako alichukua 40 yako, akatoa kumi kama ulivyomwagiza, akakuletea 30. Mwalimu, huyo alikutii.

Hayo yametuuma sisi wenyewe kwenye nguo, ndiyo maana nayajua. Tepu zetu za kitambaa huchanika mwanzoni, tunaanzia inchi ya kumi. Nimeharibu sketi ya mtu wa harusi kwa kosa hilo hilo.

Sasa swali lako. Sisi tuko watatu, vyuo vitatu, hatuna jina. Tulianza kwa sababu ya sketi ya duara. Wasichana wangu wote wanajua kiuno "gawa kwa sita" ndipo upate mkono wa kuzungusha chaki. Ukiwauliza sita imetoka wapi, kimya. Mwenzangu mmoja akaniambia wa kwake wanagawa kwa 6.28 na sketi zinakaa. Tukakaa chini tukakata zote mbili kwa karatasi ya gazeti, kiuno cha inchi 28. Ya sita ikazidi inchi moja na ushee. Wasichana walikuwa wanaimeza hiyo inchi kwenye mshono wa zipu miaka yote, hakuna aliyewahi kulalamika, na mimi nilikuwa sijui kama kuna kilichozidi. Kuanzia hapo kila mwezi mmoja wetu anawaletea wengine kazi moja mbovu ya mwanafunzi, tunaikalia, tunauliza huyu alikuwa anafikiria nini.

Na niseme jambo ambalo hotelini hakuna atakayelisema. Mimi mwenyewe hesabu nilipata D ya kutoa. Ukiita "mtandao wa walimu wa hesabu" sitakuja. Ukiniita nije na sketi iliyoharibika, nitafika kabla yako.

---

Section58 alijibu:

Nacheka hapa Nakuru peke yangu kama mwendawazimu. Miaka tisa, mwalimu!

Tuje kwenye maneno magumu. Mtandao wenu utakufa, na si kwa sababu ya nauli. Vyuo vinagombania vichwa. Mwaka wa 2018 serikali kuu ilianza kulipia kila mwanagenzi Sh30,000 kwa mwaka kwenye vyuo vyake, na tangu hapo kila mkuu wa chuo anajua idadi ndiyo pesa. Mnawaona kwenye masoko na spika juu ya gari, wanatangaza kozi. Mkuu gani atakubali mwalimu wake aende chuo cha jirani kusema "wanagenzi wangu hawawezi kutoa kumi kwa arobaini"? Kesho jirani atalitangaza hilo kwa spika.

Pili, nani ana muda? Mimi nina vipindi 26 kwa wiki, na mfumo huu wa umilisi unataka faili la ushahidi la kila mwanagenzi, picha, sahihi, tarehe. Nakaa usiku nikipanga mafaili ya watu wasiojua kusoma swali. Hilo la kusoma mmeliruka. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, karakana tunaongea Kiswahili, huko kwenu nadhani ni Kiluhya na Kijaluo. Nusu ya hao mnaowaita wabovu wa hesabu ni hodari wa hesabu waliokwama kwenye sentensi.

Nimemaliza. Endeleeni.

---

Tepu_Butere alijibu:

Mama wa Ahero, nimekaa na jibu lako tangu jana jioni. Mwanzoni nilikasirika, sitaficha. Nikaenda karakana usiku na tochi, nikachukua tepu, nikajaribu maneno yangu mwenyewe kama mtu asiyejua chochote. Nikafika 30. Nikarudia. 30.

Mimi nikikata naongeza, mkono unajua wenyewe. Mdomo ndio unasema "toa", kwa sababu hivyo ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha. Sasa nawafikiria wote walionipitia wakikata mabomba mafupi, na mimi nikiandika kwenye ripoti "hana msingi wa hesabu". Leo asubuhi nimemwomba yule kijana radhi mbele ya wenzake. Alitazama chini akacheka kidogo, kisha akaenda kwenye lile rundo, akachomoa vile vipande vitatu.

Section58, la wakuu na spika umelisema kweli tupu, na la sentensi pia. Sina jibu bado.

---

AliyerudiNjoro alijibu:

Ndugu zangu, nimekaa Marekani miaka sita, na jioni nilikuwa nalipwa kwa saa kuwasaidia watu hesabu katika maabara ya chuo cha jamii. Hivyo ni vyuo vya miaka miwili vinavyopokea yeyote, lango wazi. Cha Joliet, karibu na Chicago, kipo tangu 1901. Anaingia kijana wa miaka 18, anaingia mama wa miaka 50 aliyefutwa kazi kiwandani, anaingia mhamiaji kama mimi. Wengi msingi wao ni kama wa hao wenu, kwa hiyo walishakwama pale mlipokwama, na njia waliyopita inafaa kuangaliwa, hasa walipokosea.

Zamani mtu akijisajili alipewa mtihani wa kumpanga, kwenye kompyuta, siku hiyo hiyo, bila kujiandaa. Akianguka anapelekwa kwenye ngazi ya madarasa ya maandalizi: hesabu ya chini, kisha ya kati, kisha aljebra, ndipo afikie somo la chuo lenyewe. Analipia karo, na madarasa hayo hayahesabiwi kwenye cheti. Mimi niliwaona wakipotea kwenye ngazi. Wengine walifaulu kidato cha kwanza cha ngazi, wakanishika mkono wakanishukuru, na muhula uliofuata hawakuonekana. Mtoto ameugua, zamu ya kazi imebadilika, gari limekufa. Kadiri ngazi inavyokuwa na vidato vingi ndivyo nafasi za kuteleza zinavyoongezeka.

Waliovunja ngazi ile walianza wakiwa walimu wa kawaida. Katika chuo cha jamii cha kaunti ya Baltimore, mwaka wa 2007, walimu wa uandishi chini ya Peter Adams waliwaingiza waliokwama moja kwa moja kwenye darasa la kawaida, wakaketi na wenzao wenye nguvu, kisha kipindi kikiisha kikundi chao kidogo kinabaki na mwalimu yule yule kwa saa ya ziada. Hakuna kungoja mwaka mzima nje ya mlango. Vyuo vingine vikaenda kuangalia, vikaiga. Upande wa hesabu, taasisi ya Carnegie iliunganisha vyuo kadhaa vikatunga pamoja kozi mbili, Statway na Quantway. Hizo zilianza kwa takwimu na mambo ya maisha, mikopo, vipimo, ili mtu asiyehitaji aljebra nzito asizikwe nayo. California nayo ikatunga sheria mwaka wa 2017, kwamba chuo kitazame zaidi gredi za mtu za sekondari kuliko mtihani wa siku moja, na kimpe nafasi ya kufikia somo la chuo ndani ya mwaka. Mabishano hayajaisha hadi leo, maana wapo wanaoanguka hata wakiwekwa pale juu moja kwa moja, na wapo walimu wanaosema hao wametupwa majini bila boya.

Nililotaka kumwambia mwalimu wa Butere ni hili. Katika ule mtandao wa Carnegie walimu wa vyuo tofauti walifundisha somo LILE LILE, kisha wakalinganisha wanafunzi walipokwama. Hakuna mkubwa aliyekuja na somo lake la siri. Hicho ndicho mama wa Ahero anakifanya na sketi, bila ruzuku ya mtu.

Halafu hoteli si dhambi. Chama cha walimu wa hesabu wa vyuo vya miaka miwili kule, AMATYC, kipo tangu 1974 na kila mwaka wanakutana hotelini, na mikoba wanapewa. Ila mtu anafika na kitu alichojaribu darasani, anakiweka mezani, anarushiwa maswali.

---

FundiLuanda alijibu:

Mimi si mwalimu, ni fundi wa mawe hapa Luanda, nimeingia humu nikitafuta bei ya kokoto. Lakini nyinyi ndio mnaniletea vijana wa mafunzo ya nje, kwa hiyo mnisikie.

Kijana anafika kwenye mjengo na daftari limeandikwa zege ni 1:2:4. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Sawa. Anawakuta vijana wangu wanamimina mfuko mmoja, wilbaro moja ya mchanga, wilbaro mbili za kokoto. Anaamua moja kati ya mawili: mwalimu ni mwongo au fundi ni mwizi. Mmoja alimpigia mwenye nyumba simu kumwambia naiba mchanga!

Wilbaro moja inachukua karibu mifuko miwili ya saruji. Kwa hiyo moja-moja-mbili ya wilbaro NDIYO moja-mbili-nne ya mfuko. Kipimo kimebadilika, mchanganyiko ni ule ule. Mimi niliishia darasa la saba na hili nalijua kwa sababu mzee mmoja Mhindi wa Kisumu alinifanya nimimine saruji kwenye wilbaro nione kwa macho. Kwa nini chuoni hamna wilbaro siku ya somo hilo?

Mkikutana mniite. Sitaki nauli, ni hatua tatu.

---

Section58 alijibu:

Huyu fundi apewe uenyekiti. Ah, nimesahau, hakuna uenyekiti.

---

Tepu_Butere alijibu:

Nimesoma yote. Nimekaa nayo wiki nzima, na nimeongea na yule mwenzangu wa Mumias kwa simu. Ninachopendekeza ni kidogo kuliko nilichokuwa nacho kichwani nilipoanza.

Tuache kanda. Tuanze vyuo vinne: mimi, Mumias, Ahero, na mmoja wa Vihiga ambaye ameniandikia faraghani na hataki jina lake hapa. Fundi wa Luanda ndani. Mwezi huu sote tufundishe kitu kimoja, wiki moja: tepu iliyovunjika mwanzoni. Ushonaji wafanye kwa kitambaa, mabomba kwa bomba, useremala kwa mbao. Swali liandikwe mara mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, tuone Section58 ana haki kiasi gani. Mimi nadhani ana haki nyingi. Juzi niliwasomea wangu swali la ujazo wa tangi kwa Kiswahili, na watu wawili ambao huwa wanaacha karatasi tupu wakaandika jibu, mmoja akalipata sawasawa. Neno lililokuwa limemfunga ni "capacity". Yeye anajua uwezo wa mtu, hakujua tangi nalo lina uwezo.

Kila mwalimu alete makosa. Majibu sahihi yabaki nyumbani, hayana habari. Karatasi zisiwe na jina la mwanafunzi wala la chuo, tuzichanganye zote kwenye karai moja kabla hatujazitazama. Hapo jirani hana cha kutangaza kwa spika, maana hatajua bomba fupi ni la nani. Na la kwangu kila mtu tayari analijua.

Kuhusu ruhusa: Jumamosi haihitaji ruhusa ya bodi wala ya tume. Lakini tukitaka kukaa darasani kwa mwenzetu siku ya kazi, nimejifunza kwa katibu wetu wa ofisi, mama mwenye busara, kwamba barua ikisema "mkutano wa walimu" inalala kwenye faili. Ikisema "ziara ya kujifunza kutoka chuo chenu" inapigwa muhuri siku hiyo hiyo, na unapewa chai. Kila mkuu anapenda kutembelewa. Nimejaribu na Mumias, imefanya kazi. Nilikaa nyuma ya darasa lake saa moja na nusu. Nilimwona akifanya jambo ambalo sijawahi kulifikiria: akiuliza swali, hamtazami anayejibu, anaitazama mikono ya wasiojibu. Kuna binti alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza na amepata jibu, ila hawezi kulisema. Mwenzangu akamwendea akamwambia, "Onyesha vidole tu."

Sijui hili utaliandika vipi kwenye katiba ya mtandao.

Aliyerudi wa Njoro, nimeipenda ile ya saa ya ziada baada ya kipindi, na mwalimu yule yule. Kwangu nimeianza kwa dakika 30 baada ya karakana, Jumanne na Alhamisi. Siiti hesabu. Naiita "kupanga kazi ya kesho": tunahesabu mabomba ya kesho, viungo, urefu, bei yake dukani. Wa kwanza kubaki alikuwa yule kijana, sasa wako kama kumi, na wawili kati yao sikuwahi kuwadhania.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, Chavakali, kwenye karakana ya yule wa Vihiga. Ahero na Luanda mnafika bila shida, sisi wa Butere tutapanda mbili. Kila mtu ajilipie, alete chakula chake. Mimi naleta ndizi. Section58, Nakuru ni mbali na hatukulazimishi, lakini ukituma karatasi zako kwa gari la usiku tutazimwaga kwenye karai pamoja na zetu.

---

Section58 alijibu:

Nitatuma. Msiwaambie watu.

---

Cherehani_Ahero alijibu:

Nitakuwepo na sketi mbili na gazeti. Fundi, uje na wilbaro, wasiwe wananisimulia tu.

Mwalimu, yule kijana wa mabomba anaendeleaje? Bado anatoa kumi?

---

Tepu_Butere alijibu:

Nilimpa chaki, nikamwambia aandike kanuni ya tepu mbovu ukutani kwa maneno yake, wenzake waisome. Alisimama pale muda mrefu. Akaandika: UKIANZIA KUMI MALIZIA HAMSINI.

Nimeiacha kama ilivyo.

---

Cherehani_Ahero alijibu:

Hiyo ni ya bomba la 40 peke yake. Muulize, na akianzia ishirini je?

---

Tepu_Butere alijibu:

Nimemuuliza leo. Ameitazama tepu, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, kwa nini mtu aanzie ishirini na kumi ipo?"